Nepia kudumaa si njaa ya mbolea

Magharibi mwa Kenya, kutoka Bungoma, Busia hadi Kakamega, ukiona nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, imekuwa ya njano na fupi, jirani atakwambia shamba limechoka, mwaga samadi. Mara nyingine ni kweli. Lakini kama shina moja limedumaa huku majirani zake mstari uleule wanastawi, huo ni ugonjwa wa kudumaa kwa nepia, na samadi haiuponyi.

Unaletwa na fitoplasma, kijidudu kinachokaa ndani ya mishipa ya mmea. Watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kule Mbita walimtambua msambazaji wake: mdudu mdogo anayeruka na kufyonza utomvu, Maiestas banda. Dalili hujitokeza zaidi baada ya kukata: machipukizi yanarudi mengi, membamba, majani madogo, na ng'ombe anabaki na kiganja cha majani.

Msambazaji mwingine ni sisi wenyewe, tena kwa ukarimu. Kipandikizi cha bure kinaweza kuvuka kutoka shamba hadi shamba na ugonjwa ukiwa ndani, kikionekana kizima kabisa. Chukua vipandikizi kwenye shamba lililokwisha kukatwa likachipua vizuri. Shina lililodumaa ling'oe lote na mizizi; ukilikata tu, litachipua likiwa na ugonjwa uleule.