Utabiri wangu ulipigwa na wastani

Modeli yangu ya kwanza ya kutabiri mwani ziwani ilishindwa na wastani. Si fumbo. Nilichukua vipimo vya miaka iliyotangulia, nikatafuta wastani wa kila tarehe, nikauweka kando ya utabiri nilioutolea jasho kwa miezi minane. Ule wastani, ambao mwanafunzi yeyote angeukokotoa kwenye daftari, ulikaribia ukweli kuliko mimi. Niliona haya kwelikweli.

Hata hivyo, bila kipigo kile nisingejua kama modeli yangu ina thamani. Wanaikolojia tumezoea kazi za aina mbili. Ya kwanza ni kueleza yaliyokwisha kutokea, na hapo kila mtu ni hodari. Ya pili ni kuchora hali ya misitu au bahari mwaka 2100, na hapo pia hakuna wa kukuumbua, maana ukweli ukifika wewe hupo. Katikati pameachwa pengo: wiki ijayo, mwezi ujao, msimu ujao. Na maamuzi mengi hufanywa humo humo. Msimamizi wa bwawa anataka kujua kama maji ya Ijumaa yatakuwa na oksijeni ya kutosha. Habari za karne nzima hazimsaidii kufungua wala kufunga lango.

Watabiri wa hali ya hewa walishatuonyesha njia. Wanatabiri leo, kesho wanasahihishwa, kesho kutwa wanarekebisha. Nchini Marekani mtandao wa vituo vya utafiti wa ikolojia uitwao NEON, wenye maeneo 81, umewawezesha wanaikolojia kufungua mlango wa namna hiyo: mtu yeyote anaweza kutuma utabiri wa joto la maji, oksijeni au kuchipua kwa majani kabla vipimo havijachukuliwa, kisha vipimo vyenyewe vinatoa hukumu. Kila modeli inapambanishwa na yule adui yangu wa zamani, wastani wa tarehe. Modeli za kifahari huanguka pale mara nyingi kuliko wenye nazo wanavyopenda kukiri.

Utabiri ukifanya kazi, unakuwa mwepesi kushangaza. Tazama matumbawe. Joto la bahari likizidi kwa nyuzi 1 au zaidi wastani wa mwezi ulio na joto kuliko yote mahali hapo, yanaanza kuteseka. Hali ikiendelea, huutema mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe kama mfupa. NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, huhesabu mateso hayo kama muuza duka anavyoandika deni: nyuzi 2 za ziada kwa wiki 3 ni deni la 6. Hesabu hujumlisha wiki 12 zilizopita, na ziada isiyofika nyuzi 1 haiandikwi. Deni likifika 4, tarajia kupauka. Likifika 8, tarajia vifo. Mwishoni mwa 2023 waliongeza ngazi tatu mpya za tahadhari juu ya zile za zamani, kwa sababu joto lilikuwa limepita ngazi ya juu kabisa. Hesabu hiyo hiyo huendeshwa pia kwa miezi ijayo, na anayesimamia hifadhi hupata muda wa kuamua maeneo gani ayafunge kwa wazamiaji.

Lakini jaribio ninalolirudia kila ninapopata msikilizaji ni la ziwa dogo liitwalo Peter Lake, jimboni Michigan. Tangu 2008 mwanaikolojia wa maziwa Stephen Carpenter na wenzake walikuwa wakiongeza humo, kidogokidogo, samaki wawindaji aina ya bass. Ziwa jirani, Paul Lake, waliliacha lilivyo ili wawe na cha kulinganishia. Samaki wadogo wakaanza kuliwa au kukimbilia kingoni, wanyama wadogo sana wa majini wakapata nafasi, na mwani ambao ndio chakula chao ukabadilika. Hadi 2011 mtandao mzima wa nani anamla nani ulikuwa umegeuka.

Utamu wake uko hapa. Zaidi ya mwaka mmoja kabla mgeuko haujakamilika, vipimo vya klorofili, ile rangi ya kijani inayoonyesha wingi wa mwani, vilianza kuyumba. Umewahi kuiona pia, ile ya watoto ya kuchezea, inavyozunguka? Ikiwa na nguvu, ukiigusa hurudi wima mara moja. Ikikaribia kuanguka, mguso huo huo unaiyumbisha, na kurudi inachukua muda. Ziwa nalo lilikuwa likichelewa kurudi wima.

Mwaka 2015 watafiti wa kundi hilo walikwenda mbali zaidi. Walimwaga virutubisho ziwani ili mwani ufumuke, wakisubiri dalili za kuyumba. Zilipojitokeza waliacha kumwaga, na mwani ukapungua. Kwangu hiyo ni hatua kubwa kuliko kuiona hatari inakuja: waliigusa breki, na breki ikashika.

Nisiwape matumaini ya bure. Kuyumba huonekana pale mfumo unaposukumwa polepole. Moto wa msitu au dhoruba havibishi hodi. Tena bila vipimo vya muda mrefu huwezi kujua kuyumba kupi ni kwa kawaida na kupi ni kwa hatari. Majani ya Park Grass, shamba la majaribio kule Rothamsted nchini Uingereza, yamefuatiliwa tangu 1856. Kwenye kisiwa cha Barro Colorado, Panama, kila mti ndani ya hekta 50 wenye unene wa kuanzia sentimita 1 una kibandiko chake, na hupimwa upya kila baada ya miaka mitano au karibu na hapo. Ni kazi ya kuchosha isiyo na picha nzuri. Mfadhili mmoja aliwahi kutuuliza, "Mwaka huu kipya ni kipi?" Jibu la kweli lilikuwa: hakuna, tumepima tena. Hatukupata pesa.

Na kuna mambo ambayo hakuna modeli inayokuandaa nayo. Wiki moja ziwa lilionekana kukaidi kila nilichokitabiri, klorofili ikipanda siku hadi siku. Nikapiga makasia hadi kwenye boya, nikavuta kihisi juu. Kilikuwa kimevaa koti la utelezi wa kijani, kinapima koti lake chenyewe. Nilikisugua kwa mswaki wa zamani, na ndani ya saa moja ziwa likarejea kwenye akili zake.

Mswaki huo sasa unakaa kwenye mtumbwi. Utabiri wa wiki hii nimeshautuma: uwezekano wa mwani kufumuka kabla ya Alhamisi ni asilimia 30. Wastani wa tarehe unasema 20.