Nairobi haikuanza na reli

Jana kwa matatu ya Kangemi mzee mmoja alikuwa anawaambia watoto ati kabla ya reli Nairobi ilikuwa kinamasi tu, hakuna mtu, Mzungu ndio akaleta uhai. Nilifunzwa hivyo hivyo shuleni, kwa hivyo simlaumu mzee wangu, lakini si kweli.

Kinamasi kilikuwepo, hiyo ni sawa. Lakini hata jina lenyewe linakuambia kulikuwa na watu, manake ni la Kimaasai, Enkare Nyrobi, yaani maji baridi, na hauwezi kuyaita maji baridi kama hujayashika. Wamaasai walikuwa wanaleta ng'ombe kunywa hapo mtoni, na ukipanda juu kidogo, Dagoretti na Kabete, Wakikuyu walikuwa na mashamba yao ya viazi vitamu na maharagwe, misafara ya kutoka pwani ilikuwa inanunua chakula huko. Ndio maana Lugard, afisa Mwingereza, alijenga ngome Dagoretti 1890, miaka tisa kabla ya reli! Nani hujenga ngome mahali hakuna watu?

Reli yenyewe ilifika Mei 1899, maili 327 kutoka Mombasa. Walisimama hapo kwa sababu ni tambarare na maji yapo, na mbele ndio milima inaanza, so wakaweka karakana na stoo. Mji wa mabati, huo kweli ni wa reli. Makao makuu ya serikali ya kikoloni yalihama kutoka Mombasa baadaye.