Uhai wa maabara: yanayovumishwa na yaliyothibitika

Katika vikundi vya simu vya wakazi wa Mbeya na Iringa, na wakati mwingine hata mimbarini, kila baada ya muda huibuka habari kwamba wanasayansi wa ng'ambo wameumba kiumbe hai ndani ya maabara na kwamba zamu inayofuata ni ya binadamu. Habari hiyo ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoifanya isambae kwa urahisi. Ni kweli kwamba mwezi Mei 2010 taasisi ya J. Craig Venter ya Marekani ilitangaza kupata seli ya kwanza inayoongozwa na vinasaba (DNA) vilivyotengenezwa vyote kwa kemia. Hata hivyo, kati ya tangazo lile na kinachovumishwa leo kuna umbali mrefu.

"Wameumba uhai kutokana na vitu visivyo hai"

Dai hili ndilo kubwa kuliko yote, na jibu lake linapatikana kwa kuitazama kazi yenyewe ilivyofanyika. Watafiti walichagua bakteria aitwaye Mycoplasma mycoides, ambaye mfuatano wa vinasaba vyake ulikuwa umekwisha kusomwa na kuhifadhiwa kwenye kompyuta. Mfuatano huo una herufi za kikemia, ziitwazo besi, zipatazo milioni 1.08. Kwa kuwa hapakuwa na mashine ya kutengeneza uzi mrefu kiasi hicho kwa mkupuo mmoja, waliugawa katika vipande 1,078 vyenye besi 1,080 kila kimoja, na kila kipande kikapishana na jirani yake kwa besi 80 ili ncha zishikane. Vipande viliunganishwa kumi kumi ndani ya seli za hamira, ya jamii ileile inayoumua maandazi, vikawa 109; hivyo 109 vikawa 11, na hivyo 11 vikawa uzi mmoja kamili. Katikati ya safari walikwama kwa wiki kadhaa kwa sababu ya besi moja tu iliyokosekana katika jeni, yaani sehemu ya uzi yenye agizo moja, iitwayo dnaA, ambayo bila hiyo bakteria hawezi kunakili vinasaba vyake.

Uzi huo peke yake ulikuwa kemikali: haukula, haukukua wala haukuzaa. Ulianza kufanya kazi pale tu ulipohamishiwa ndani ya seli hai ya bakteria mwingine wa jamii ya karibu, Mycoplasma capricolum. Seli hiyo ndiyo iliyokuwa na utando, ribosomu za kutengenezea protini, vimeng'enya na nishati; vinasaba vipya viliingia kama mpishi mgeni anayekuta jiko lina moto na sufuria imekwisha kuinjikwa, akabadilisha mapishi tu. Seli ilipoendelea kugawanyika, protini za mwenyeji zilipungua hadi kutoweka na nafasi yake kuchukuliwa na zile zilizotokana na maagizo mapya. Kwenye sahani ya maabara yakaonekana makoloni ya rangi ya buluu, kwa kuwa wataalamu walikuwa wamepachika jeni ya rangi hiyo makusudi ili wawatambue bakteria wao.

Moto wa jiko lile hakuna binadamu aliyewahi kuuwasha. Kila seli inayojulikana, pamoja na ile ya mwaka 2010, imetokana na seli iliyoitangulia. Wapo watafiti wanaojaribu kuanzia chini kabisa, kwa kukusanya mafuta, protini na vinasaba ndani ya kiputo kidogo, lakini bado hawajapata kiputo kinachojilisha na kuzaliana chenyewe. Tume ya maadili ya bayolojia iliyomshauri Rais Barack Obama ililiona jambo hilo mapema, na katika ripoti yake ya Desemba 2010 ilieleza kwamba kazi ya Venter na wenzake haikuwa kuumba uhai, kwa sababu ilitegemea seli iliyokuwa hai tayari. Kwa maoni yangu, anayewalaani wanasayansi wale kwa madai kwamba wamechukua nafasi ya Muumba anawapa sifa ambayo hawakuipata.

"Ni yaleyale ya mbegu chotara na GMO"

Hapa mambo matatu huchanganywa. Mahindi chotara, kama UH 6303 yaliyotoka kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, hupatikana kwa kuchavusha mimea miwili iliyochaguliwa, na hakuna jeni inayotengenezwa maabarani. GMO ni kiumbe wa kawaida aliyeongezewa, kupunguziwa au kubadilishiwa jeni chache. Seli ya mwaka 2010 ni jambo la tatu, kwa sababu uzi wake wote wa vinasaba ulitengenezwa upya, ingawa maneno yaliyoandikwa humo yalinakiliwa karibu yote kutoka kwa bakteria wa asili. Anayepinga moja kati ya hayo matatu ana haki ya kupinga, lakini hoja inayofaa kwa moja haihamii kwa jingine bila kupimwa.

"Kiumbe hicho ni bandia, hakina uhai wa kweli"

Wengine huenda upande wa pili na kudai kwamba kilichopatikana ni aina ya mashine. Vinasaba vilivyotengenezwa kwa kemia vina muundo uleule wa vinasaba vya ng'ombe au mgomba, na seli haina njia ya kutofautisha kilichotoka kiwandani na kilichorithiwa. Bakteria wale hula, hugawanyika na hufa. Tena hubadilika: mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana walichapisha matokeo ya kulea seli za uzao huo zilizopunguziwa vinasaba, ambazo nitazieleza hapo chini, kwa siku 300, yaani takriban vizazi 2,000, na wakakuta kwamba zilikuwa zimejirekebisha zenyewe na kurudisha uwezo wa kustawi zilioupoteza zilipopunguzwa. Mashine haifanyi hivyo.

"Sasa siri ya uhai imefichuliwa"

Mwaka 2016 kundi lilelile la Venter lilitoa seli nyingine, JCVI-syn3.0, iliyopunguzwa hadi kubaki na jeni 473 tu, pungufu ya kiumbe yeyote wa asili anayeweza kukuzwa peke yake maabarani. Lengo lilikuwa kubakiza yale tu ambayo seli haiwezi kuishi bila hayo, ili kila kitu kiweze kuelezwa. Ilipohesabiwa, jeni 149 kati ya hizo hazikujulikana kazi yake. Ukiondoa mojawapo, seli hufa au hudhoofika sana, na aliyeiondoa hawezi kusema ni kwa nini. Isitoshe, seli hiyo ilipokuwa inagawanyika ilitoa watoto wa maumbo na ukubwa wa kila namna, na mwaka 2021 wataalamu walilazimika kuirudishia jeni kadhaa, saba kati yake zikiwa za lazima, ndipo ikagawanyika kwa utaratibu. Hiyo ndiyo hali ya elimu yetu kuhusu seli sahili kuliko zote. Anayedai kwamba binadamu wa maabara yuko karibu, binadamu mwenye jeni zipatazo 20,000 na matrilioni ya seli, hajatazama hesabu hizi.

"Kitatoroka na kumaliza mifugo yetu"

Hofu hii ina mizizi huku kwetu kuliko wenyewe tunavyofahamu. Bakteria aliyechaguliwa na Venter si mgeni kwa wafugaji: aina iliyotumika ni ya mbuzi, na ndugu yake wa karibu sana ndiye anayesababisha homa ya mapafu ya ng'ombe, ugonjwa ambao wafugaji wa bonde la Usangu wanaujua kwa kikohozi kisichokwisha, kukonda na pumzi za shida. Ni haki kabisa mtu kuuliza kwa nini wachezee kimelea cha namna hiyo.

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, seli iliyopunguzwa vinasaba ni dhaifu mno. Huishi katika supu maalumu yenye sukari, mafuta na virutubisho vingi ambavyo haiwezi kujitengenezea, na nje ya hapo haidumu. Pili, ujuzi uleule umeanza kutumika dhidi ya ugonjwa wenyewe. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe inayotumika sana Afrika, T1/44, inatokana na kimelea kilichopatikana Tanganyika mwaka 1951 na kupitishwa mara 44 kwenye mayai yenye vifaranga ili kipungue ukali. Ilifanya kazi, lakini aliyeidhoofisha hakujua ni nini hasa kilichobadilika. Mwaka 2019 watafiti wa ILRI, taasisi ya mifugo yenye makao Nairobi, pamoja na wenzao wa Marekani na Ulaya, walieleza jinsi walivyoondoa jeni 68 walizozichagua kutoka kwa kimelea cha mbuzi kwa kutumia mbinu zilizotokana na kazi ya Venter. Mbuzi waliochomwa kimelea kilichopunguzwa walibaki wazima, ilhali waliochomwa kile cha asili waliugua vibaya. Bado si chanjo ya kununuliwa dukani, ila njia imeonekana.

Kusema hivyo si kusema kwamba hakuna hatari. Hatari ipo mahali pengine. Virusi havihitaji jiko la kudumu la kwao wenyewe, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuvitengeneza upya kuliko seli. Mwaka 2002 Eckard Wimmer na wenzake huko New York walitengeneza virusi vya polio, vyenye besi takriban 7,500, kwa kufuata mfuatano uliokuwa wazi kwa kila mtu na kuagiza vipande vya vinasaba kwa njia ya posta. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha jinsi walivyotengeneza virusi vya ndui ya farasi, ndugu wa ndui iliyotokomezwa kwa binadamu, kwa gharama ya takriban dola 100,000. Swali la kuwabana wakubwa ni nani anakagua maagizo ya vipande hivyo vya vinasaba, maana kampuni nyingi hukagua kwa hiari tu.

Jambo la pili ni kile kinachoitwa uhai wa kioo. Protini za viumbe wote zimejengwa kwa molekuli zilizopinda upande mmoja, na vinasaba kwa sukari iliyopinda upande wa pili. Kinadharia inawezekana kutengeneza bakteria ambaye kila molekuli yake imegeuzwa, kama sura inavyogeuka kwenye kioo. Bakteria huyo huenda asitambuliwe na kinga ya mwili wa mtu, mnyama wala mmea. Desemba 2024 wanasayansi 38 waliandika katika jarida la Science kwamba kazi ya kumtengeneza isifanyike. Miongoni mwao alikuwa John Glass wa taasisi ya Venter, mmoja wa walioshiriki kuitengeneza seli ya mwaka 2010. Hakuna aliyekwisha kumtengeneza bakteria huyo, na wenyewe walikadiria kwamba ingechukua angalau miaka kumi.

"Hayo ni ya Wamarekani, hayatufikii"

Yametufikia zamani, kwa mlango wa bei. Mkulima wa pareto wa Umalila au Makete, anayeanika maua yake juani na kuyapima kwa kilo kabla hayajapelekwa kiwandani Mafinga, anashindana na permethrini, sumu iliyobuniwa Uingereza mwaka 1973 kwa kuiga kiini cha maua hayo, na ambayo yeye mwenyewe huenda ameichanganya na mahindi ghalani ili yasibunguliwe. Hiyo ni kemia tupu, haihusiani na uhai wa kutengenezwa, lakini inaonyesha mkondo unakoelekea.

Mfano ulio karibu zaidi ni artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria, ambayo kwa kawaida hukamuliwa kutoka kwa mmea wa Artemisia annua unaolimwa China, Vietnam na Afrika Mashariki. Jay Keasling wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake waliipandikizia hamira jeni za mmea huo ili itoe asidi ambayo wakemia huigeuza kuwa dawa, na mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ikaanza kuizalisha katika kiwanda cha Garessio, Italia. Wengi walitabiri kwamba wakulima wamekwisha. Kumbe dawa ya hamira iligharimu dola 350 hadi 400 kwa kilo wakati ile ya mmea ilishuka chini ya dola 250, na mwaka 2015 kiwanda hakikuzalisha hata kilo moja. Shamba lilishinda safari ile, ingawa kwa bei ambayo haikumfurahisha mkulima mwenyewe.

Kinachonishughulisha zaidi ni umiliki. Hamira ya Keasling haikuhitaji shehena ya majani. Ilihitaji mfuatano wa jeni za mmea. Katika Hifadhi ya Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, yako maua ambayo hayaoti kwingine, na siku vinasaba vyake vitakapopakiwa kwenye hifadhidata ya wazi, mwenye maabara popote duniani ataweza kuvitengeneza bila kukanyaga Makete wala kuomba kibali. Nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai, Tanzania ikiwa mojawapo, zilikubaliana Cali, Kolombia, mwaka 2024 kuanzisha mfuko ambao kampuni kubwa zinazofaidi mifuatano ya namna hiyo zinatarajiwa kuuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha hizo ielekezwe kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Uchangiaji wenyewe ni wa hiari.