Cheti cha Utumishi Hakielezi Unachokiweza

Wafanyakazi wa bandarini, wa mahotelini na wa mabohari ya makontena ninaowashauri hapa Mombasa huniuliza zaidi jinsi ya kupata kazi nyingine, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni hili: una nini mkononi cha kumthibitishia mtu asiyekufahamu kwamba kazi unayodai kuiweza unaiweza kweli? Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba chanda chema huvikwa pete, basi tukakaa kumngoja meneja aione bidii yetu. Meneja huyo siku moja huhamishwa, na yote aliyoyajua juu yako huondoka naye.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasaidia, ila kwa kiasi. Kifungu cha 51 kinamlazimu mwajiri kukupa cheti cha utumishi ajira inapokoma, isipokuwa kama ilidumu kwa muda usiofika majuma manne mfululizo. Cheti hicho hutaja jina la mwajiri na lako, tarehe ya kuanza na ya kukoma, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia. Kifungu hicho hicho kinaeleza kwamba mwajiri halazimiki kukuandikia barua ya kueleza tabia wala utendaji wako. Sheria, kwa hivyo, inakuhakikishia ushahidi kwamba ulikuwapo. Ushahidi wa ustadi wako ni juu yako kuukusanya, na wakati wa kuukusanya ni ungali kazini.

Ninachopendekeza ni daftari la kawaida, linaloandikwa kila mwisho wa mwezi. Karani wa wakala wa forodha akiandika kwamba "alishughulikia nyaraka", hajasema kitu. Akiandika kwamba alitayarisha matamko ya forodha ya magari yaliyotumika na ya shehena ya kupitia nchini kuelekea Uganda, kwamba alijibu hoja za maafisa kuhusu thamani ya bidhaa, na kwamba hoja fulani iliisha kwa namna fulani, ameeleza kazi ambayo mwajiri wa Nairobi au wa Kampala ataitambua mara moja. (Usibebe nakala za nyaraka za wateja, hizo si mali yako, na tangu mwaka 2019 kuna Sheria ya Ulinzi wa Data.)

Faida ya kuandika hivi ilidhihirika hapa mjini baada ya reli ya kisasa kuanza kubeba shehena mwaka 2018 na makontena mengi kuelekezwa moja kwa moja Nairobi kwa agizo la serikali, kazi za mabohari ya hapa zikapungua, hadi agizo hilo lilipoondolewa mwaka 2022. Kwa maoni yangu, aliyejitambulisha kwa cheo tu, "karani wa bohari", alikuwa na njia finyu kuliko mwenzake aliyeweza kuonyesha kwamba anajua kuhesabu na kukagua mali, kupanga magari na kusimamia vibarua, mambo ambayo hata kiwanda au duka la jumla linayahitaji.

Fundi aliyejifunzia kazini, awe wa umeme, wa mabomba au wa makanika, ana njia nyingine: mitihani ya gredi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, inayoanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza. Wafanyakazi wa hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu wangeweza kuitumia miezi ya masika, wageni wanapopungua, kwa masomo kama hayo.

Limebaki jambo linaloonewa haya, nalo ni kumkabili mkubwa wako. Si utovu wa adabu kuomba muda wa kuzungumza naye na kumuuliza ni kazi ipi akuongezee ili ujifunze; mimi huona ombi hilo hupokewa vyema kuliko la mshahara likija peke yake. Akikubali na majukumu yakabadilika, mwombe kwa heshima ayaweke kwa maandishi, kwa kuwa kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri aurekebishe mkataba kwa kushauriana nawe na kukuarifu mabadiliko kwa maandishi. Barua hiyo itie nyumbani, pamoja na daftari, wala usiiache kwenye droo ya ofisi.