Mvi si cheti cha hekima

Kwenye baraza za kahawa za Ngamiani, Tanga, ukizuka mzozo wa mirathi au wa posa, mwenye mvi nyingi ndiye hupewa neno la mwisho. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba hekima na mvi huja pamoja.

Mvi zina sababu yake. Kwenye shina la unywele kuna seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Zikipungua au kwisha, unywele huota mweupe. Mvi zitaanza lini, hilo hutegemea zaidi urithi wa ukoo. Ndiyo maana utamkuta kijana wa miaka 28 ana mvi, na babu wa jirani kichwa cheusi ti (na hajapaka piko).

Na umri wenyewe? Una mchango wake, tusiukatae: msamiati huendelea kukua hadi uzeeni, na aliyeishi sana ameona mengi. Ila wepesi wa kuchambua jambo jipya huanza kupungua mapema, na kuona mengi hakumaanishi umeyapima. Asiyejua kusikiliza upande wa pili akiwa na miaka 30 anaweza kufika 80 vilevile, tofauti ni kwamba sasa hakuna anayethubutu kumkatiza.

Shaaban Robert, mzaliwa wa upande wa Machui hapahapa Tanga, hutajwa kama mzee wa busara. Alizaliwa mwaka 1909, akafariki 1962. Hakufikisha hata miaka 54, na mengi tunayomnukuu aliyaandika akiwa mtu wa makamo, anakwenda kazini kila asubuhi.