Fanani Akiondoka: Kuhuisha Hadithi ya Msichana wa Viberiti Bila Maneno

Mwaka 1845, mwandishi wa Denmark Hans Christian Andersen akiwa mgeni katika kasri la Gråsten, mhariri wa almanaka moja ya Denmark alimpelekea michoro mitatu na kumwomba aandike hadithi ya kuambatana na mmojawapo. Alichagua mchoro wa Johan Thomas Lundbye, unaomwonyesha msichana maskini ameshika viberiti vya kuuza, na hadithi yake ikachapishwa mwezi Desemba mwaka huohuo. Ninaitaja asili hii kwa sababu wengi wanaosikia kwamba hapa Nairobi tunaigeuza hadithi hiyo kuwa filamu fupi ya uhuishaji isiyo na neno hata moja hudhani kuwa tunaing'oa mahali pake, ilhali ilizaliwa kutokana na picha iliyonyamaza, na maneno ndiyo yaliyokuja baadaye. Kwamba picha zinaweza kuisimulia, hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni nani atakayeishika nafasi ya fanani, yaani msimulizi, kwa sababu katika hadithi hii fanani ndiye aliyeubeba msiba wote.

Kisa chenyewe ni kifupi. Ni usiku wa kuamkia mwaka mpya, theluji inaanguka, na msichana anatembea peku kwa kuwa zile ndara kubwa za mama yake zimempotea alipokuwa akivuka barabara. Hajauza hata kiberiti kimoja, na anaogopa kurudi nyumbani kwa sababu baba yake atampiga. Anajikunyata kwenye pembe iliyo kati ya nyumba mbili, anawasha njiti moja ukutani na kuona jiko kubwa la chuma lenye moto. Ya pili inamwonyesha meza iliyoandaliwa, na bata bukini wa kuokwa anayeruka kutoka kwenye sahani na kumjia akiwa na kisu na uma mgongoni. Ya tatu, mti wa Krismasi ambao mishumaa yake inapanda juu na kuwa nyota. Ya nne, bibi yake aliyekwisha kufa. Ili bibi asitoweke kama yale mengine, anaziwasha njiti zote zilizobaki kwa pamoja. Asubuhi anakutwa amekufa kwa baridi, mashavu yakiwa mekundu na mdomo ukiwa na tabasamu.

Ukiyasoma maelezo hayo hivi yalivyo, yanahuzunisha, lakini hayachomi. Kinachochoma ni sentensi za mwisho, ambamo wapita njia wanasema kwamba mtoto alitaka kujipasha joto, na fanani anatuambia kwamba hakuna aliyejua mambo mazuri aliyokuwa ameyaona. Huzuni ya Andersen imo katika pengo hilo, baina ya tunachokijua sisi hadhira na wasichokijua waliomzunguka maiti. Na hapo ndipo mhuishaji anapokwama, kwa kuwa lugha ina viambishi vya kukanusha na penseli haina. Ninaweza kuchora mtu anayejua, na ninaweza kuchora mtu aliyeshangaa, lakini siwezi kuchora "hakuna aliyejua".

Wapo waliokwisha kulikabili tatizo hili kabla yetu. Filamu fupi ya Disney ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Roger Allers, nayo haina mazungumzo. Iliihamishia hadithi Urusi na kuiweka juu ya sehemu ya tatu ya utungo wa pili wa Alexander Borodin kwa ajili ya vinanda vinne vya nyuzi, uliotungwa mwaka 1881. Ni kazi ya mikono iliyobobea, na sina hamu ya kuibeza. Hata hivyo, humo muziki ndio uliopewa kiti cha fanani: unatangulia, unatuandaa, unatuambia sasa tumaini, sasa majonzi. Mimi nilitaka kiti hicho kibaki kitupu, ili mtazamaji akikalie mwenyewe. Na niseme pia, kwa kuwa naulizwa mara kwa mara, kwamba hatukuyaacha maneno ili kukwepa gharama za tafsiri katika mji ambao lugha hubadilika kila unaposhuka matatu. Hiyo ni faida, wala si sababu.

Jawabu tulilipata ukutani. Viberiti tunavyonunua dukani leo huwaka kwa kukwaruzwa kwenye ubavu wa boksi lake, kwa sababu sehemu ya kemikali za kuwashia imepakwa hapo. Njiti za enzi za Andersen zilibeba kila kitu kichwani mwake, kwa hiyo mtoto aliweza kuzikwaruza kwenye ukuta wowote. Kwa mtazamaji wa Nairobi, njiti kuwaka ukutani ni jambo geni, nasi tukaamua kuutumia ugeni huo badala ya kuuficha. Kila njiti inapokwaruzwa inaacha mstari mweusi kwenye lipu. Mstari wa kwanza ni jiko, wa pili ni meza, wa tatu ni mti, wa nne ni bibi, na kisha lile doa pana, lisilo na umbo, la rundo zima lililowashwa kwa mara moja. Kamera inarudi kwenye ukuta huo baada ya kila maono, katika fremu ileile na kwa urefu uleule, mpaka mtazamaji ajifunze kuusoma kama maandishi. Kunapokucha, mwanamume mwenye kofia anainama, anautazama ukuta, anapitisha kidole cha glavu juu ya masizi, kisha anakipangusa kwenye koti lake. Haoni ila uchafu. Mtazamaji aliyeketi gizani anaona jiko, meza, mti na bibi, na pengo lile la Andersen limekwisha kujichora lenyewe.

Ili mistari hiyo ibebe mzigo huo, ilitubidi tuwe wachoyo kweli wa nuru. Filamu huenda fremu, yaani picha mojamoja, 24 kwa sekunde, na dakika saba ni fremu 10,080. Hata ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kama ilivyo desturi ya uhuishaji wa mkono, mhusika mmoja anahitaji zaidi ya michoro 5,000 ikiwa hatoki machoni. Katika wingi huo, kishawishi cha kurembesha maono ni kikubwa, na wachoraji wangu vijana walikwisha kunichorea meza ya karamu ambayo ingemtia njaa hata aliyetoka harusini. Niliwaomba wakumbuke kwamba urefu wa kila maono ni urefu wa njiti moja. Mwali unapozaliwa ni mweupe na mkali, ukitulia unakuwa wa rangi ya chungwa, ukifika kwenye vidole unajikunja. Basi jiko, meza na mti vina ujana, utu uzima na uzee kwa mpangilio huohuo, na rangi zake zinafifia pamoja na mwali. Nje ya duara hilo la nuru kila kitu ni samawati na kijivu. Maono yanapokatika hatupunguzi mwanga polepole. Tunakata kwa ghafla, kwa kuwa njiti haiagi.

Kuhusu theluji tulibishana sana. Desemba ya Nairobi ni ya jua, na hata baridi yetu ya Julai, ambayo humfanya kila mtu atoe sweta na kulalamika, si baridi ya kuua kwa usiku mmoja mtoto aliyekaa pembeni mwa ukuta. Mwenzangu alipendekeza mvua ya Aprili na njiti zilizolowa, wazo zuri kwa filamu nyingine. Katika hii, moto lazima uwake kila mara bila kusita, kwa sababu unapogoma kuwaka, mtazamaji anaanza kuhangaikia njiti na kumsahau mtoto. Tena tukimweka kwenye barabara tunayoijua, kila mtu ataanza kuuliza polisi wako wapi na ofisi ya watoto iko wapi, maswali halali kabisa ambayo dakika saba haziwezi kuyajibu. Kwa hiyo tumemwacha katika mji wa theluji usiotajwa jina. Lakini watazamaji wetu wengi hawajawahi kuikanyaga theluji, na kwao weupe ule ni pambo la kadi za Krismasi. Baridi tumeiweka mwilini: nyayo zinazobadilika rangi kutoka shoti hadi shoti, vidole ambavyo mwanzoni vinashika njiti kwa ncha na baadaye kwa kiganja kizima, na kope zinazochelewa kufunguka. Mtetemeko tumeutumia mwanzoni tu, kwa kuwa mwili uliopoa kupita kiasi huacha kutetemeka, na kutulia huko kunatisha kuliko kutetemeka kwenyewe.

Wapita njia, hao ni wa Moi Avenue watupu. Nilikuwa nikiwatazama watu wanavyompita mtoto anayeuza peremende, na nikagundua kwamba hawageuzi uso kama waigizaji wabovu wanavyofanya. Mwendo wao hubadilika hatua tatu au nne kabla ya kumfikia, bega la upande wake hupanda kidogo, mkono hutafuta simu au mkoba, na wakishampita mwendo hurudi kama ulivyokuwa. Hatua hizo tumezivalisha makoti ya karne ya 19, na hazikuhitaji marekebisho.

Bibi alitupa kazi kubwa kuliko bata bukini. Andersen anatwambia kwa sentensi moja kwamba huyo ndiye mtu pekee aliyempenda mtoto na kwamba amekwisha kufa, na pasipo sentensi hiyo mtazamaji anaona ajuza yeyote tu. Hadithi inasema mtoto alibeba viberiti katika aproni kuukuu, nasi tumemvika bibi aproni hiyohiyo ikiwa mpya, na ua jekundu kwenye pindo ambalo kwa mtoto limebaki uzi mmoja uliopauka. Kauli ya bibi kuhusu nyota inayoanguka na roho inayopanda kwa Mungu tumeiondoa. Nyota inaanguka, mtoto anaitazama, basi.

Limebaki suala la sauti. Kukosa maneno si kukosa sauti, na usiku wa filamu yetu una magurudumu, kengele za kanisa, vicheko nyuma ya madirisha na mkwaruzo wa njiti, ambao tumeurekodi karibu sana na kipaza sauti hadi ukasikika kama kitambaa kinachochanika. Muziki upo ndani ya maono pekee, na unakatika pamoja na mwali. Asubuhi, kwa mujibu wa mpango wangu, haina muziki wowote mpaka majina ya watengenezaji yatakapoanza kupita. Mtunzi wetu anadai apewe walau noti moja ndefu ya chelo wakati kile kidole cha glavu kinapogusa ukuta, na mhariri ameanza kumuunga mkono. Mimi bado nakataa.