Si kweli kwamba dijitali inaacha mapengo kwenye sauti

Hapa Lamu tukikaa barazani taarabu ikilia, lazima atokee mtu aseme santuri ndo sauti kamili, ati CD imekatwakatwa kama ngazi na katikati kuna mapengo. Jamani si hivo. Kwenye CD wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kihesabu vipimo hivo vyatosha kurudisha wimbi zima mpaka mitetemo kama 22,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu mwisho wake ni 20,000 hivi, wazee ndo chini zaidi. Zile ngazi ni michoro tu, kinachotoka kwenye mashine kwenda kwa amplifaya ni wimbi laini kabisa, liweke kwenye osiloskopu, kile chombo cha kuonyesha wimbi la umeme kwenye kioo, ulione mwenyewe.

Utamu wa santuri upo, mimi naupenda sana, ila mwingine waletwa na sindano yenyewe na ule mchakacho wake, tena besi hupunguzwa santuri ikichongwa mifereji yake halafu amplifaya huirudisha. CD ikikukera masikio, mara nyingi ni vile nyimbo zilikandamizwa studio, yaani tofauti ya sauti ndogo na kubwa ikapunguzwa, zisikike kwa nguvu, na angalia pia vichwa vya waya za spika, chumvi ya bahari hutia kutu haraka mno.